Povu la Dada Kordula

“Usimguse!” Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Ukata, mtu wa kifafa akianguka hilo ndilo neno lililotangulia. Bibi alilitoa kwa kelele siku ile Bwana Salehe, muuguzi wa zahanati aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alipopiga magoti uani na kumlaza dada yangu Kordula ubavu. Kwetu ilijulikana: povu lake likikugusa, nawe utaanguka.

“Shikamoo, bibi,” alisema bila kugeuka. “Utanigombeza nikimaliza.” Akalifuta povu kwa mkono wake.

“Utaanguka wewe!”

“Ugonjwa uko kwenye ubongo, bibi. Hauko kwenye mate.”

“Na huo ubongo umeuona lini?”

“Wa kwake sijauona. Mate yake haya hapa, na mimi mzima.”

Alikotoka alikuwa akiuguza wagonjwa wa akili. Alituachia vidonge, kimoja kila jioni. “Kidonge ni cha ubongo,” alisema. “Kumshika ni kazi yenu. Vyote viwili.”

Tulichukua nusu ya agizo. Kordula alimeza, akapata nafuu, akarudi shamba. Lakini bakuli lake lilibaki peke yake, nami nilikatazwa kulala naye mkeka mmoja.

Mvua za mwaka uliofuata zilikata barabara ya Songea, vidonge vikaisha. Tulikuwa tunapalilia mahindi mteremkoni, kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia maji yasibebe udongo. Kordula akaangukia uso ndani ya shimo moja. Maji hayakufika hata gotini. Wanawake wanne walipiga yowe, wakasimama. Mimi nilikuwa hatua tatu tu, mtoto wa miaka kumi mwenye nguvu za kubeba ndoo. Nikasubiri povu liishe.

Bwana Salehe alikuja mbio. “Hakuna aliyemgeuza?”

Akamgeuza mwenyewe, Kordula ameshakata roho. Aliketi matopeni, akamsafisha uso polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha.

Shule niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea. Habari za ubongo nimezisoma mpaka kurasa zimelegea, na ni kweli tupu. Lakini ukweli huo tulikuwa nao tangu siku ile ya uani. Tuliuamini kwenye vidonge tu, kwa sababu wa kumeza alikuwa yeye.

Kila mwaka ndugu zangu huja kuomba mchango wa misa ya Kordula, wakisema yalikuwa mapenzi ya Mungu. Natoa, na tunagombana palepale mlangoni. Maana nyumba ya pili yuko binti anayeanguka, na bakuli lake liko peke yake. Kordula anatudai. Binti yule akianguka, mgeuzeni.