Moduli Niliyoizima Mikumi

Ndugu wasomaji, haya nawaandikia huku nimeinamisha kichwa.

Bosi alikwenda Morogoro akaniachia duka la intaneti hapa Mikumi. Mimi wa darasa la saba, nikajiona fundi mkuu. Nikafungua programu ya kusimamia seva, nikaona moduli kibao, yaani vipande vya programu vyenye kazi mbalimbali, zimewashwa. Nikasema mashine inachoka bure. Nikazizima zote ambazo saa ile hakuna mteja aliyezitumia, kama mtu anavyozima taa za vyumba vitupu. Ya kupokea barua pepe ilikuwemo.

Mama Daudi akaja kutoka Ruhembe kuulizia barua pepe ya mwanawe, aliyepelekwa India kupasuliwa moyo na ambaye humwandikia kupitia anwani ya duka letu.

"Shikamoo mama. Bado hajaandika."

"Marahaba. Nitarudi kesho."

Alirudi kesho yake na keshokutwa. Siku ya tatu akaangua kilio. Nikamwekea kiti, nikamwambia, "Jikaze mama, Mungu ndiye mpangaji." Uchungu wangu ulikuwa wa kweli, hata mimi nikalia.

Bosi akarudi kutoka Morogoro, akatukuta hivyohivyo. Akakagua seva.

"Wewe! Nani kakutuma uzime moduli ya barua?"

Akaiwasha, barua tatu zikaingia. Mama Daudi hakuja na miwani, ikabidi nimsomee ya mwisho: "Mama, nimeamka salama. Mbona hunijibu? Kuna msiba nyumbani?"

Alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akafuta uso kwa khanga, akanitazama.

"Na wewe mwanangu, ulikuwa unalia nini?"