Kiganja cha Petro kwenye Ukuta Wangu

Harufu ya samadi mbichi iliyochanganywa na udongo wa kichuguu huwafanya wageni wafunike pua. Mimi hunifanya nisimame nilipo. Ni harufu nzito, yenye uchachu kidogo kama togwa iliyokaa, na ndani yake kuna majani makavu, majivu na jua. Kila kiangazi, uwele ukishavunwa na upepo wa Singida ukianza kukausha midomo, harufu hiyo ilizagaa katika vijiji vyote vya Mtinko, kwa sababu huo ndio ulikuwa wakati wa kujenga na kukarabati kabla mvua hazijarudi. Nimeshika udongo mwingi tangu siku zile. Nimechonga mpingo, nimechonga mawe, nimemimina saruji kwenye kalibu. Nina diploma ya uchongaji niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili, na nasema bila kuona haya kwamba kutoka hapa mpaka Ikungi hamjui mtu mwenye kazi inayofanana na yangu. Lakini kazi iliyoniuma kuliko zote niliifanya nikiwa binti wa darasa la sita, miguu mitupu, na haina jina langu.

Nyumba yetu ilikuwa tembe. Vijana wa leo wakisikia neno hilo hucheka, wanadhani ni kibanda cha mtu aliyekosa bati. Tembe ni jengo lenye akili. Nguzo zake ni magogo yenye panda juu, na boriti hulala kwenye panda hizo bila msumari hata mmoja. Juu ya boriti kuna fito, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo uliokandamizwa mpaka paa likawa uwanja wa kuanikia uwele na maboga. Mchana wa jua kali ndani kunapoa, na usiku wa Julai kuna joto la mwili wa ng'ombe. Miaka mingi baadaye, chuoni pwani, mhadhiri alituonyesha picha za mahekalu ya Wagiriki, akaeleza kwamba kabla ya nguzo zile za mawe kulikuwa na nguzo za miti, na kwamba jiwe liliiga mti. Darasa zima lilishangaa. Mimi nilitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya kwao.

Kwetu nguzo zilikuwa kazi ya wanaume na ukuta ulikuwa kazi ya wanawake. Shangazi yangu Maria, dada yake baba, ndiye aliyekuwa fundi wa kuta katika ukoo wetu. Mwaka ule alikuja kutusaidia kukandika upya ukuta wa barazani, ule uliokuwa pembeni mwa mlango, ambao mvua haiufikii. Alinifundisha tabaka la kwanza, udongo wenye majani yaliyokatwakatwa, ambalo ukishalipaka unalikwangua kwa gunzi la muhindi ili tabaka la pili lipate pa kushika. Alinifundisha kwamba umbo linalotoka ukutani halibandikwi kama mkate. Hujengwa kidogokidogo, kila tabaka likiloweshwa kabla ya lingine, na usiku hufunikwa kwa gunia bichi. "Udongo uwahi ungali maji," alikuwa akiniambia, na kwake haikuwa methali ya kupamba maneno, ilikuwa amri ya kazi. Kaka yangu Petro, aliyenitangulia kwa mwaka mmoja na aliyekwisha maliza la saba, alikuwa akiukanyaga udongo shimoni huku akiimba nyimbo za mpira, na Shangazi akimtania, "Kanyaga, mume wangu, kanyaga! Ukichoka nitaolewa na mwingine."

Kabla kazi haijafika nusu, mume wa Shangazi alimwita arudi kwake. Akaniachia ukuta. Si mama, si Petro, ni mimi. Nikaamua kumuumba ng'ombe ukutani, ng'ombe mwenye pembe pana anayemgeukia ndama wake anaponyonya. Kila nikitoka shule nilikuwa pale. Shingo ilinisumbua sana; mara mbili ilipasuka na mara mbili niliibomoa. Nilijua mambo ambayo sikuwa na maneno yake. Nilijua kwamba jua la asubuhi linapopita ubavuni mwa ukuta, kivuli kidogo cha milimita chache kinatosha kuzifanya mbavu zionekane. Wamisri wa kale walilijua jambo hilo pia, na walichimba michoro yao kwenye kuta za nje ili jua lenyewe liichore. Mimi nililijua Mtinko, mbele ya tembe, kuku wakinidonoa visigino.

Sasa kuna jambo moja la ukoo wetu ambalo ni lazima nilieleze, kwa maana kila kitu kimesimama juu yake. Ukuta ukikamilika, yule aliyeumaliza husubiri udongo uanze kushika, asiukute mbichi wala mkavu, kisha hubonyeza kiganja chake cha kulia chini ya mchoro. Hiyo ndiyo sahihi yake. Baadaye mahali pote husuguliwa kwa samadi laini na jiwe la mtoni mpaka pang'ae, na kiganja kinabaki pale kwa uhai wote wa nyumba. Chumbani kwa bibi kulikuwa na kiganja cha mama yake. Hatukuwa na picha yake. Tulikuwa na mkono wake.

Katika siku hizo alipita nyumbani mwalimu mmoja wa ufundi kutoka mjini. Alikuwa na karakana yake Utemini, na alikuwa akizunguka siku za mnada kutafuta watoto wenye mkono wa kazi ili akawafundishe. Alikuta ng'ombe wangu amefunikwa gunia na mimi niko shule. Mama alimwambia ni kazi ya watoto wake. Mwalimu akajibu kwamba angerudi Jumapili baada ya ibada kuiona ikiwa imekauka. "Desturi yenu naijua," alisema, "nitakayekuta kiganja chake ukutani ndiye nitakayeondoka naye." Petro ndiye aliyenihadithia hayo jioni, akiruka kwa furaha. Aliniambia, "Salome, wewe unakwenda mjini! Apia hutanisahau." Nikaapa. Naye akaapa kwamba angemwagilia gunia langu nikiwa darasani, asije ng'ombe akapasuka dakika za mwisho.

Jumamosi udongo ulikuwa unashika. Niliugusa asubuhi, nikaona kufikia mchana utakuwa tayari. Mama akaniita, akanitwika ndoo ya uwele, akaniambia nikasage. Nikamwambia, "Mama, si aende Petro? Leo natia kiganja." Akasema, "Mashine haina mdomo, haitakuuliza una kazi gani. Nenda, urudi." Foleni ilikuwa ndefu, mkanda wa mashine ukakatika, na fundi akaenda kuutafuta mwingine kama mtu anayetafuta mchumba. Niliporudi na unga kichwani, jua lilikuwa limeegemea upande wa pili. Petro alikuwa amesimama barazani, mkono wa kulia ameuficha mgongoni. Chini ya kwato za ng'ombe wangu palikuwa na kiganja. Hata kovu la mundu kwenye kidole gumba lilionekana, lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelifunga kwa kitambaa alipojikata shambani.

"Mama, huo si mkono wangu."

"Tua unga," alisema mama.

"Mama, Petro amekanyaga tu. Ng'ombe ni wangu."

"Ukuta ni wa nyumba, si wa mtu. Wewe utaolewa, hicho kipaji utakipeleka kwa watu wengine. Petro ndiye atakayebaki hapa na mimi." Halafu akapunguza sauti, kana kwamba ananipa zawadi: "Na wewe una mikono mizuri, hutakosa kazi."

Nilimtazama Petro. Nilikuwa nangoja aseme neno moja tu. Akatazama kuku.

Wengine wananiuliza kwa nini sikumwambia mwalimu alipokuja. Hao hawajalelewa Mtinko. Mtoto wa kwetu alisema shikamoo, akaleta kigoda, akaleta togwa, akarudi nyuma. Kumkosoa mama mbele ya mgeni ilikuwa sawa na kumvua kanga hadharani. Mwalimu aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akapitisha kidole shingoni mwa ng'ombe, pale pale paliponisumbua, akaguna kwa kuridhika. Akamuuliza Petro amechanganya nini na nini, na Petro, aliyeukanyaga udongo ule wiki nzima, akajibu bila kukosea. Kisha mwalimu akanigeukia mimi niliyeshika kata ya togwa. "Na huyu binti?" Mama akacheka kidogo. "Huyu humkorogea kaka yake udongo." Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nilikuwa nimeshaiandika mara nyingi kwenye mitihani ya shule. Siku ile niliivaa.

Petro aliondoka na mwalimu huku amekalia kifurushi chake nyuma ya baiskeli, hakugeuka. Kule Utemini aliambiwa amjenge ng'ombe mwingine. Kwa kuwa hakuwahi kujua tulikochimba udongo wetu, alichota tope la kando ya ziwa, lililokuwa karibu na laini mkononi. Maziwa yetu ya Singida yana chumvi. Ng'ombe alipokauka alitoa unga mweupe kama mwenye ukoma, akaanza kumomonyoka kuanzia pembe. Mwalimu alimvumilia kwa muda, halafu akamrudisha. Mama alisema hewa ya mjini haikupatana naye. Yule aliyetakiwa kubaki naye hakukaa. Alipata kazi ya utingo wa malori, akaenda, na mpaka leo yuko Kahama na familia yake. Karakana ya Utemini haikuja tena kwetu kutafuta mtoto.

Mimi nilijitafuta mwenyewe. Niliuza kuku na mafuta ya alizeti stendi ya Singida, nikalala kwenye vyumba visivyo na dari, nikafuata wachonga mpingo mpaka pwani na kuwafagilia vumbi mpaka wakanipa patasi. Nilirudia masomo nikiwa mtu mzima, nikakaa darasa moja na watoto walioniita mama, nikawashinda. Huko ndiko nilikofundishwa kwamba uchongaji una njia kuu mbili: kuongeza, kama afanyavyo mfinyanzi, na kupunguza, kama afanyavyo mchonga mti au jiwe. Kuna ya tatu, ya kalibu, ambapo unajaza shimo na shimo linakupa umbo. Nilifaulu zote tatu. Nikarudi Mtinko, nikajenga nyumba ya tofali za kuchoma yenye madirisha ya alumini, twiga wawili wa saruji langoni, nikamhamishia mama humo. Mcheza kwao hutunzwa, husema watu. Wageni wakiwasifu twiga, mama huwaambia kwa fahari, "Huyu alifuata nyayo za kaka yake."

Tembe bado imesimama nyuma ya nyumba. Sasa ni banda la kuku na kuni. Ng'ombe wangu yupo, hajapasuka, ndama bado ananyonya, na kiganja kiko chini yao kikiwa safi kama kimebonyezwa jana. Ndiyo fahari yangu na ndiyo adhabu yangu: udongo niliouchanganya ulikuwa mzuri kiasi kwamba umeuhifadhi uongo bila ufa. Kiangazi kilichopita, baada ya kuisikia tena ile habari ya nyayo, nilichanganya udongo, nikaenda kukifuta. Shimo halifutwi kwa kupunguza, hujazwa. Kanuni naijua: kwangua kwanza kwa gunzi, ndipo udongo mpya ushike. Nilikuwa na gunzi mkononi. Lakini nilipoliona lile kovu la mundu, mkono wangu ukakataa kulikwangua. Nikalowesha tu, nikajaza, nikasawazisha kwa kidole, nikaondoka nikiwa mwepesi.

Baada ya siku chache nikaukuta chini, katikati ya kinyesi cha kuku. Samadi ile iliyosuguliwa zamani ilikuwa laini kama kalibu iliyopakwa mafuta. Udongo mpya ulikauka, ukasinyaa, ukaachia. Ulianguka mzima. Ulikuwa mkono wa mtoto, vidole vitano vilivyonona, mistari ya kiganja, kovu kwenye gumba. Nikaupangusa, nikauweka rafuni sebuleni, sijui kwa nini.

Mama aliuona asubuhi akinywa chai. Akauchukua, akaupitisha kwenye shavu, akalitafuta kovu kwa kidole. "Petro wangu," alisema. "Hata mundu umeuweka. Umeuchonga vizuri, mwanangu."

Tangu nizaliwe hajawahi kuniambia hivyo, si kwa twiga, si kwa diploma iliyotundikwa juu ya televisheni.

"Huo sikuuchonga mimi, mama," nikasema.

Akacheka kicheko kile kile cha siku ya mgeni. "Acha maskhara. Katika nyumba hii nani mwingine aliyewahi kuujua udongo?"

Sentensi hiyo niliingoja tangu siku ya mashine, na yeye mwenyewe hakujua ameisema. Siku zile, kwa kazi yangu mwenyewe, niliitwa mkorogaji. Leo, kwa kazi isiyo yangu, naitwa fundi. Siku hizi watoto wa majirani huja kupiga picha na twiga wangu. Hakuna anayekwenda kule nyuma kwa kuku, aliko ng'ombe na ndama wake, na chini yao lile shimo, bado wazi, ambalo mkono wangu ukiingia hauenei.