Mbabula Iliyotolewa Zawadi

Mpaka leo nikikumbuka siku ile damu inanichemka. Nafundisha darasa la tano katika mtaa unaoitwa Kenya, hapa Lubumbashi. Asubuhi moja direktere wetu, mkuu wa shule, alikuja kuniambia kwamba kuna wageni watakaokuja kuwafundisha watoto kutumia tena vitu vya zamani badala ya kuvitupa. Kila mtoto alete kutoka nyumbani kitu kilichotengenezwa kwa kitu kikuukuu.

Kuwafundisha watoto wa Kenya! Mtaa ambamo chupa ikiisha maji inabeba mafuta ya mawese, ikiisha mafuta inabeba petroli, na ikipasuka inakatwa kuwa kopo la kupimia karanga. Lakini nikatangaza darasani. Na wamama wengine, kwa kuona aibu kumtuma mtoto na kitu kikuukuu mbele ya wageni, walinunua soda, wakaimwaga kwenye vikombe, wakampa mtoto chupa inayong'aa. Yoo, bantu ba kwetu!

Msichana mmoja mpole wa benchi la nyuma alitii kama alivyoambiwa. Alikuja na mbabula kichwani, jiko la makaa ambalo baba yake alilikata kutoka ndoo ya rangi na kulitoboa matundu kwa msumari. Ndani mlikuwa bado na majivu.

Wageni walifika na gari kubwa, bango jipya la plastiki, na biskuti zilizofungwa moja moja. Walipoiona mbabula walishangilia, wakaipiga picha kila upande. Direktere akavimba kichwa. "Ni zawadi yenu," akasema, wala hakumtazama mwenye mali. Watoto wakapiga makofi kama walivyofundishwa, na mbabula ikaingia garini.

Nikamwona yule msichana hapigi makofi. Nikainama kumuuliza kuna nini.

"Madamu, iko mbabula ya ku nyumba. Haiko ingine. Mama akitoka ku soko, atapikia wapi bukari? Badogo bangu banamungojea."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Jiko la ugali wa nyumba nzima! Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, sawa, lakini direktere wetu hakujaribu hata kuuliza. Nikatoka mbio. Gari lilikuwa tayari linanguruma. Nikafungua mlango wa nyuma bila hodi, nikaivuta mbabula yetu. Majivu yakamwagika juu ya kiti. Mama mmoja kati ya wageni akashtuka, akasema walitaka kuipamba ofisi yao. Nikamjibu kwamba inapendeza zaidi ikiwa na moto ndani na sufuria juu. Haki ya Mungu, alishuka yeye mwenyewe kumwomba mtoto msamaha. Lakini direktere!

Gari lilipoondoka tu, alinifuata mpaka katikati ya uwanja, karatasi za biskuti zikipeperuka miguuni mwetu, akanifokea mbele ya watoto.

"Madamu, unanipatisha haya! Bale bageni balikuwa banataka kutupatia mapipa ya takataka. Sasa tumeyakosa, juu ya mbabula moja ya kuoza!"

Msichana alikuwa amesimama palepale, ameikumbatia mbabula, shati lake jeupe limejaa majivu, akimtazama direktere, akingoja ruhusa ya kwenda nyumbani.

"Direktere," nikasema, nami sikupunguza sauti, "uliza uyu mutoto. Kwabo iko kitu gani ya kutupa mu ile mapipa?"