Malisho Yaliyofagiwa

Nilikuwa na vipande viwili vya nyasi huko Lubunga, ng'ambo ya mto, nyuma ya nyumba ya tantine, dada ya baba yangu, anayefuga ng'ombe wachache. Kimoja kilikuwa wazi, ng'ombe wanakula na kuacha mavi. Kingine nilikizungushia miti wasiingie. Kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa kulinganisha vijidudu vya udongo wa pande zote mbili, kwa sababu mavi yanawalisha, na kwato zikizidi zinashindilia udongo na kuwanyima hewa. Bila vipande hivyo, shahada sipati.

Basi nikavuka mto kwa mtumbwi, na vifuko vyangu vya kuwekea udongo, nikakuta malisho ni safi kuliko sebule. Tantine alinipokea kwa furaha, ufagio mkononi.

"Weye iko mutu ya masomo," alisema. "Nikuache ukanyage mavi ya ngombe? Watu watasema nini?"

"Na umeyatupa wapi, tantine?"

Alinyoosha kidole kwenye kipande changu kilichozungushiwa miti. "Pale. Ile nyasi ilikuwa na njala."

Nilitaka kulia. Kwetu mgeni hapokelewi mpaka ua upigwe ufagio na michirizi yake ionekane chini. Hilo nalijua tangu utoto, lakini ningejuaje kwamba malisho nayo ni ua? Nilimweleza mpaka koo likakauka kwamba mavi yakihamishwa, vipande havilinganishiki tena. Alisema ndiyo, kisha akanuna. Nikaanza upya, kwenye vipande vingine vya malisho yale yale, msimu mzima wa mvua.

Safari hii hakugusa kitu. Kila nilipokuja aliyapa malisho mgongo kwa aibu. Mavi yalilala yalipoanguka, dundu wakayachimba, na chini yake udongo ukawa mweusi, laini. Nilianza kulala vizuri.

Ndipo profesa wangu, yule yule aliyenipa kazi hii, akavuka kuja kukagua kabla sijachukua udongo wa mwisho. Tantine alimpa kiti, akakaa kwenye kingine bila kumtazama usoni. Profesa hakukaa. Alisimama ukingoni mwa malisho na viatu vyake vyeupe, akatazama chini, kisha akaniinamia.

"Bon, kazi iko muzuri. Lakini mulijua nitakuja. Hamungefagia hata kidogo?"

Tantine aliingiza mkono chini ya kiti chake, akautoa ufagio. Ulikuwa pale muda wote. Niliuwahi kwa upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukavutana, na profesa akasimama pale pale akisubiri kufagiliwa.