Viti Kumi na Viwili vya Msibani

Mimi nauza maharage sokoni Kayanga, na debe la mtu silipokei mpaka nilipime upya kwa debe langu. Nadhani ndiyo sababu wazazi wa sekondari yetu, huku Bweranyange, walinichagua kupokea vifaa zilipokuja fedha za UVIKO za kujenga madarasa. Viti themanini vya mbao vilishushwa kwenye lori mbele yangu. Nikavihesabu, nikavihesabu tena, dereva akanuna, nikasaini.

Baadaye akaja mkaguzi wa serikali. Kijana mwembamba, umri wa mwanangu wa pili. Alipiga goti kugonga sakafu, akapanda ngazi kuangalia bati, akahesabu viti, ndipo akanijia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Viti viko sitini na nane."

Sijawahi kupelekwa mahakamani kwa heshima namna ile.

Nilijua vilipo. Mzee mmoja mfugaji alikuwa amefariki, na huku kwetu ukifiwa unachukua viti shuleni.

"Viko msibani," nikasema. "Vimeazimwa."

"Naomba daftari la kuazimisha."

"Mwanangu, nani anamsainisha mfiwa?"

Mkuu wa shule akaanza kuchunguza dari. Kijana akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba kisichoonekana kitaandikwa kimepotea mikononi mwa aliyekipokea. Yaani mimi.

"Basi twende ukavione."

Njia nzima niliwaza atakavyowainua wazee wa watu kwenye viti asome namba za shule, zilizoandikwa kwa rangi kwenye miguu ya mbele. Tulipofika alivua kofia, akawapa pole wafiwa, akazunguka kusalimia mmoja mmoja, kwa mkono, akiinama sana. Alipofika kwa mzee wa nne ndipo nikaelewa: kila shikamoo ilikuwa namba. Mzee mmoja miguu yake iliziba maandishi. Kijana akairefusha pole, akauliza habari za ng'ombe, za mvua, mpaka mguu ukasogea. Miaka yote ya biashara sijaona mtu akihesabu hivyo. Hakuna aliyejua kwamba amehesabiwa.

"Kumi na kimoja," akaninong'oneza.

Na mimi nilikuwa nimepata kumi na kimoja.

Akaenda mezani kutoa rambirambi yake. Mdogo wake marehemu akamwandika kwenye daftari lenye jalada lililochakaa. Kijana akaomba kuona kurasa za mwanzo. Mikungu ya ndizi na walioileta. Kuni. Turubai. Kisha, kwa mwandiko wa kutulia: *Viti vya shule 12. Kimoja mguu umelegea, kiko jikoni asije akaanguka mtu.*

"Mliandika lini, baba?"

"Siku vilipoletwa. Cha watu tutakirudishaje bila kukiandika?" Alijibu kama aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali.

Sisi tulikuwa na kamati, muhuri na mkuu wa shule. Watu wenye kilio ndio walikuwa na daftari.

Jikoni, nyuma ya migomba, kiti kilikuwa kimebeba sufuria. Kijana aliomba ruhusa kwa wapishi, akafuta masizi kwa kiganja, akasoma namba. Akaandika: vimeonekana vyote. Nikauliza kama tuvibebe.

"Mpaka matanga yaishe, mama."

Kisha akanawa, akarudi mbele, akakaa chini kwenye nyasi walizotandika, kwa sababu viti vyote vilikuwa na watu.