Siku Niliyoifunga Malka

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, wala si kwa sababu ya akili yangu. Kovu la mwiba liko hapa kiganjani, na kila nikishika jembe linanikumbusha. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimerudi Kulesa kwa likizo ya shule, nikidhani kijiji kizima kilikuwa kinanisubiri nije nikifundishe.

Wiki ile vijana watatu wa wafugaji walikuwa wameingiza ng'ombe mchana kweupe kwenye mpunga wa Mzee Komora, ukaliwa wote. Majina yao hatukuyajua. Tulichojua ni kijiji walikotoka. Nikawaambia wenzangu, basi kijiji kizima kikione. Mwalimu wetu wa historia alikuwa ametusimulia kwamba zamani sana huko Uingereza wakulima waliasi, na walipozimwa, mfalme akaitia adabu miji mizima, aliyeasi na aliyekuwa kwake amelala. Mimi somo lile nililipenda, Mungu anisamehe. Tukakata matawi ya mathenge, ule mti wa miiba mirefu, tukaifunga malka, ile njia inayopita kati ya mashamba ambayo ng'ombe huishukia mtoni kunywa. Kilikuwa kiangazi. Malka ikifungwa kiangazi, mifugo hufa. Tulilijua hilo, na ndilo tulilolitaka.

Asubuhi ya tatu akaja mama mmoja wa kule na ndama wanne, akasimama mbele ya miiba. Hakututukana.

"Mimi nataka maji tu," akasema. "Hii ndama yangu iko na kiu siku tatu. Kesho nakufa hii."

Nikamwambia akawaulize vijana wao. Nilisema kwa sauti kubwa ili wenzangu wasikie. Mara akatokea Mzee Komora na panga mkononi, nikafurahi, nikadhani amekuja kutuongezea matawi. Kumbe mzee aliinama akaanza kuyaondoa.

"Mzee, si mpunga wako ulioliwa?"

"Ni wangu. Huyu mama aliula?"

"Ni wa kijiji kile."

"Sikukuuliza kijiji, kijana."

Nikatoa methali, maana mjinga akiishiwa na hoja hukimbilia methali. Nikasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mzee hakuinua hata kichwa. Akaniuliza kama kwetu tukikuta kambare mmoja ameoza huwa tunamwaga kapu zima. Nikamletea yule mfalme wa Uingereza. Akanisikiliza mpaka mwisho, alikuwa na adabu hiyo, kisha akasema, "Na hao waliokuwa wamelala, kitabu kinasema watoto wao walikula nini?"

Kitabu hakikusema.

Akanisogelea, akateremsha sauti mama yule asisikie. "Mwaka jana ndugu yako alimchoma mkuki ng'ombe wao. Walikuja hapa wakataja jina moja, akahukumiwa yeye peke yake. Wewe ulikula ukalala. Mkuki kwa nguruwe..." Hakuimalizia, na hakukuwa na haja.

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nikayashika yale matawi kwa mikono mitupu nikayavuta, na kovu hili ni la hapo.

Ndama wakanywa wakashiba. Mama yule alipopanda kutoka mtoni alisimama mbele ya Mzee Komora, akataja majina matatu. La mwisho akalirudia. "Huyo mtoto yangu. Mimi naleta yeye."

Na akamleta kweli, na wenzake wawili. Walililima shamba lile upya, na mvua zilipoanza wakapanda. Nimeona wakubwa wengi tangu hapo, wengine na magari na walinzi, lakini sijaona wa kuwafikia wale wawili, mzee aliyeliwa mpunga wake na mama aliyemtaja mwanawe wa kumzaa.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulinisomea ujumbe kwenye simu yako, wa lile kundi lenu la vijana wa Garsen. Kuna aliyeandika, "Hao wote ni wale wale," nawe ukacheka. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nakunywa chai. Leo sinyamazi.

Mwanangu, ukikosewa, tafuta jina la aliyekukosea. Ukilikosa, subiri, uliza tena. Usimfungie maji mtu kwa kuwa anatoka upande fulani. Mwenye kosa hujulikana na walio karibu naye, na ukiwatesa hao, nani atakuja kukutajia? Kama tungeiacha miiba pale, yule mama angerudi kwao na majina yake kifuani.

Mungu akupe subira ya Mzee Komora na moyo wa mama yule. Na siku utakapokosea wewe, maana utakosea, akujalie majirani watakaokuja na jina lako peke yake, wamwache mama yako ateke maji yake kwa amani.