Choo cha Rangi ya Buibui

Juzi, kwenye foleni ya zahanati moja hapa Malindi, mbele yangu alikaa mzee aliyepauka midomo, jasho likimtiririka. Nesi alimshika mkono, akahesabu mapigo, akauliza, "Baba, choo chako kina rangi gani?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Salama."

Akauliza tena.

"Salama tu."

Mkewe, aliyesimama nyuma yake, alimwonyesha nesi pindo la buibui lake, kisha akanyoosha vidole vitatu.

"Choo cheusi siku tatu? Huyu anavuja damu tumboni," nesi akasema, akaitisha machela.

Mzee akamgeukia mkewe. "Umeniaibisha mbele za watu."

Damu inamwisha, naye anaona haya tusijue kwamba anakwenda choo, kana kwamba sisi foleni nzima hatuendi.